Sheikh Din Muhammad: Mwislamu Aliyewafungulia Waingereza Hoteli ya Mchuzi

Najua saa hizi njaa inauma na harufu ya jikoni ndiyo inayozidi kukutesa, kwa hivyo niwie radhi kukuletea habari za chakula kabla ya magharibi. Lakini kisa hiki ni cha kweli, na kina mambo ndani yake ambayo wewe kijana wa Malindi, wa Kilifi au wa Takaungu yanakuhusu kuliko unavyodhani. Mwenyewe aliitwa Din Muhammad. Alipofika kwa Waingereza akajiandika Sake Dean Mahomed, na hilo neno Sake lisikutatize, ni Sheikh hiyo hiyo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wasioweza kuitamka kha.

Ukienda Uingereza leo, iwe London, Birmingham, Bradford au Manchester, huwezi kutembea mtaa mzima usikute hoteli ya Kihindi. Wazungu wanajaa humo, hasa Ijumaa na Jumamosi usiku, wengine wakitoka kwenye mabaa yao (Mungu atustahi), wanaagiza mchuzi wa kuku, wali na mkate wa naan, na wanashindana nani ataweza pilipili kali zaidi. Mwaka 2001 Waziri wao wa Mambo ya Nje, Robin Cook, alitaja hadharani kuku wa tikka masala kuwa ni chakula cha taifa lao. Fikiria hilo! Watu waliotutawala, walioshangaa mababu zetu kula kwa mkono, leo chakula chao cha taifa kina bizari. Na wenye hoteli hizo wengi wao ni ndugu zetu Waislamu, asili yao Sylhet huko Bangladesh, ambao wazee wao walikuwa mabaharia katika meli za Kiingereza, wakateremka bandarini London na wasirudi tena.

Lakini kabla ya hao wa Sylhet alikuwapo mtu mmoja, mwaka 1810. Huyo ndiye tunayemzungumza.

Kwanza tuwe wakweli, maana watu hupenda kutia chumvi. Si yeye aliyewaonjesha Waingereza mchuzi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1747 bibi mmoja wa Kiingereza, Hannah Glasse, alikuwa tayari ameuandika namna ya kuupika katika kitabu chake cha mapishi, na mwaka 1773 mkahawa mmoja wa mtaa wa Haymarket, London, ulikuwa ukiuuza. Wazungu waliorudi kutoka India na mali walikuwa wamerudi na ulafi wake pia. Alichofanya Din Muhammad ni kuwa Mhindi wa kwanza kufungua nyumba yake mwenyewe ya kuwauzia chakula cha kwao, kikapikwa na kuandaliwa kama inavyotakikana.

Alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Patna, jimbo la Bihar, kaskazini mwa India, nyumba ya Kiislamu yenye kujinasibisha na ukoo wa manawabu. Jina alilopewa ni Din Muhammad, yaani dini ya Muhammad (S.A.W.). Jina kama hilo mzazi halipi mtoto kwa bahati, analipa kwa kutarajia. Likumbuke jina hili, tutarudi kwake.

Miaka ile India ilikuwa ikitekwa polepole na kampuni ya biashara ya Waingereza, East India Company. Ndio, kampuni tu, yenye jeshi lake. Na jeshi hilo askari wake wengi walikuwa Wahindi wenyewe, wakipigana na Wahindi wenzao kwa mshahara. Baba yake Din Muhammad alikuwa mmoja wa askari hao, na akafa kazini mtoto akiwa na umri wa miaka kama kumi hivi. Kijana akawa yatima. Akamfuata kambini ofisa mmoja kijana, Godfrey Baker, mtu wa Cork nchini Ireland, na toka siku hiyo maisha yake yakafungamana na ya mzungu huyo. Alipokua akawa askari, akapandishwa cheo mpaka akawa subedari, cheo kikubwa kabisa ambacho Mhindi aliweza kukifikia wakati huo. Mwaka 1781 alikuwa katika jeshi lililomzima Raja Chait Singh wa Benares.

Hapa, msomaji, usiharakishe kumlaumu. Yatima wa miaka kumi na moja hachagui bendera, huchagua sahani ya chakula. Lakini pia usimfanye shujaa. Alikuwa akila kwa mkono uliokuwa ukiipokonya nchi yake. Hata huyo Baker mwenyewe, mwaka 1782 alishutumiwa kuwatoza wanakijiji fedha kwa nguvu, akajiuzulu. Din Muhammad naye akaacha jeshi. Wakapanda meli pamoja, na mwaka 1784 wakafika Ireland, mji wa Cork. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Msichana wa Cork

Sasa tumefika mahali penyewe, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri wewe unayeshinda ufuoni ukizungumza Kitaliano.

Huko Cork Din Muhammad alipelekwa shule kujifunza Kiingereza vizuri, na huko akakutana na msichana aliyeitwa Jane Daly, mtoto wa watu wa heshima, Mprotestanti. Wakapendana. Jamaa za msichana hawakutaka hata kusikia. Basi mwaka 1786 wakatoroka wakaenda kuoana. Lakini kulikuwa na kizuizi kingine kikubwa kuliko wazazi: sheria ya Ireland wakati ule haikumruhusu Mprotestanti kuoana na mtu asiyekuwa wa dini yake. Din Muhammad akavuka mstari. Akaingia katika kanisa la Kianglikana, na ndoa ikafungwa kanisani.

Mtu aliyeitwa Dini ya Muhammad.

Nisingependa kupaka sukari jambo hili. Yako magazeti na vitabu vinavyomsifu kama Mwislamu wa kwanza kufanya hili na lile Ulaya, na vinaliruka jambo hili kama dimbwi la maji njiani. Sisi hatuwezi kuliruka, maana hapa kwetu pwani tunaliona. Wewe unamjua kijana wa mtaa wenu aliyempata mgeni, akaahidiwa tiketi na karatasi, na mara ya kwanza akaacha Ijumaa, halafu akaacha funga, halafu ikawa hata jina analolitumia ni jingine. Hakuna aliyemwekea bunduki kichwani. Ilikuwa hatua moja ndogo baada ya nyingine, na kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Kwa Din Muhammad sababu ilikuwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya kweli. Waliishi pamoja miaka mingi. Yaliyokuwa moyoni mwake ni kati yake na Mola wake. Yaliyoonekana ni kwamba watoto wake walibatizwa.

Kitu cha ajabu ni kwamba mwaka 1794, akiwa bado Cork, alitoa kitabu chake mwenyewe kwa Kiingereza, juzuu mbili, kuhusu safari zake India. Ndicho kitabu cha kwanza kilichoandikwa kwa Kiingereza na Mhindi kikachapishwa. Watu walikilipia kabla hakijatoka, mamia ya wakubwa wa Ireland. Na ndani yake anaeleza mila za Waislamu, tohara, harusi, mazishi, kwa upole na heshima, kama mtu anayewaeleza majirani wasiojua mambo ya nyumbani kwao. Ukikisoma huoni mtu anayeichukia dini aliyoiacha. Unaona mtu aliyeikumbuka.

Mwaka 1799 msafiri mmoja Mwislamu kutoka Lucknow, Mirza Abu Talib Khan, alipita Cork na akakutana naye. Aliandika habari hiyo kwa Kiajemi: kwamba amemkuta mtu wa India ana nyumba yake, mke wa Kizungu na watoto wazuri wa sura. Mimi huwa nawaza mkutano ule, waungwana wawili wa Kihindi katika baridi ya Ireland, mmoja amevaa nguo za kwao na mwenziwe amevaa za Kizungu, wanaamkiana.

Hoteli ya George Street

Mwaka 1807 hivi Din Muhammad akahamia London na jamaa zake. Mwanzo alifanya kazi kwa tajiri mmoja aliyerudi kutoka India, Basil Cochrane, aliyekuwa na nyumba ya kuogea kwa mvuke huko Portman Square. Eneo hilo lilikuwa limejaa wazungu wa namna hiyo, waliochuma India na kuja kula utajiri kwao. Wenzao waliwaita nabob, neno letu nawab lililovunjwa. Din Muhammad akapiga hesabu. Watu hawa wamekula pilau miaka ishirini, sasa wanakula viazi vya kuchemsha na nyama isiyo na hata binzari. Lazima wanaona kiu.

Basi mwaka 1810, nambari 34 George Street, akafungua Hindoostane Coffee House. Usidanganywe na jina, kahawa haikuwa ndiyo shabaha. Aliweka viti vya mianzi, kutani akatundika picha za mandhari ya India, na chumba cha pembeni akakifanya cha kuvutia buruma. Chakula kilikuwa wali, michuzi ya namna kwa namna, na viungo vilivyotoka mbali. Kitabu kimoja cha mwaka 1815 kilichokuwa kikiwaelekeza watu wa London mahali pa kula kiliitaja nyumba hiyo, kikataja na wali wake na viungo vyake.

Sisi watu wa pwani tukisoma haya tunacheka kidogo. Bizari kwetu haikuja kwa meli ya Mwingereza. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta meli za Wahindi zimetia nanga, na rubani wa kumvusha mpaka Calicut alimpata hapa hapa. Pilau, biriani, sambusa, bajia, chapati, achari, vyote hivi vimekaa kwetu mpaka tumesahau kuwa vilikuwa wageni. Hakuna aliyehitaji kufungua hoteli George Street ili mtu wa Malindi ajue iliki ni nini. Lakini London ilikuwa habari nyingine.

Biashara ilikwendaje? Ilikwenda vibaya. Wale manabob aliowalenga walikuwa wamerudi na wapishi wao kutoka India na wakila pilau majumbani. Waliotaka kukutana kuzungumza biashara walikuwa na mikahawa yao ya zamani katikati ya mji. Nyumba nzuri, mapambo na viungo vya kutoka ng'ambo ni gharama, na Din Muhammad hakuwa na mtaji mkubwa. Alichukua mshirika, haikusaidia. Mwaka 1812, miaka hiyo hiyo ya vita vya Shela kule Lamu, akatangazwa mufilisi. Wengine waliichukua nyumba ile wakaiendesha kwa muda, lakini yeye alitoka mikono mitupu, umri umepita hamsini, mke na watoto nyuma yake. Mwaka 1813 alitia tangazo gazetini kutafuta kazi ya utumishi wa nyumbani. Mtu aliyekuwa subedari, mtunzi wa kitabu, mwenye hoteli, sasa anaomba kazi ya kupokea makoti mlangoni.

Wewe uliyefungua kibanda cha chipsi Maweni kikafungwa mwezi wa tatu, unamwelewa kuliko mimi.

Brighton

Mwaka 1814 akahamia Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Ukitaka kuielewa Brighton ya wakati ule, ifikirie Malindi ya miaka ya utalii mkubwa: matajiri wanakuja kupunga upepo wa bahari, kila mwenye akili anatafuta cha kuwauzia. Hata mtoto wa mfalme alikuwa anajengewa jumba lake hapo, Royal Pavilion, lenye makuba kama ya Kihindi, utafikiri msikiti umepotea njia. Malindi yetu yenyewe, kwa taarifa yako, siku hizo ilikuwa magofu na msitu, haijaamka bado.

Alichouza Din Muhammad safari hii hakikuwa chakula, alikuwa anakanda watu. Mgonjwa alikalishwa katika mvuke uliotiwa majani ya dawa, ndani ya hema la kitambaa cha sufu lenye mikono, na mkandaji aliingiza mikono yake humo akamchua viungo. Mke wake Jane aliwahudumia wanawake, kwa pahala pao mbali. Kazi hiyo aliiita kwa neno la Kihindi la kukanda, champo, na Waingereza wakalitamka shampoo. Ndiyo shampuu hiyo hiyo unayoijua. Neno lilianzia kwenye mabega na magoti, likapanda mpaka kwenye nywele baadaye.

Madaktari walimcheka mwanzoni. Lakini wenye baridi yabisi waliingia na magongo wakatoka wakitembea, na magongo yao aliyatundika ukutani ili kila aingiaye ayaone. Mwaka 1821 akafungua jengo kubwa mbele ya bahari, Mahomed's Baths, na mwaka 1822 akatoa kitabu kuhusu tiba yake. Wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne, walimfanya mkandaji wao rasmi. Alikwenda sherehe za mji amevaa mavazi ya kifahari ya Kihindi, na watu wakisimama kumtazama.

Na hapa pana kitu cha kutazama kwa makini. Miaka hii ndipo alipojiongezea lile neno Sake, Sheikh. Alijiongezea pia umri, akaandika kwamba amezaliwa 1749 badala ya 1759, na akadai alisomea udaktari Calcutta kabla ya kuingia jeshini. Hiyo miaka kumi ilikuwa ya kutia masomo ambayo hayakuwapo. Hata kaburi lake lasema alikufa na miaka 101, wakati alikuwa na kama 92. Kwa nini? Kwa sababu mzungu wa Brighton alikuwa hamnunui yeye, alikuwa anainunua India. Kadiri alivyoonekana Sheikh, Mhindi na mzee wa hekima, ndivyo wateja walivyoongezeka. Kanisani alikuwa Mwanglikana, na dukani alikuwa Sheikh Muhammad. Mjini kwetu tunao vijana wanaovaa shuka na shanga za Kimasai ufuoni ilhali kwao ni Barani, kwa hivyo tusijifanye tumeshangaa.

Uzeeni mambo yakapungua. Jengo lile hakulimiliki yeye, mshirika wake alipokufa likapigwa mnada, na Din Muhammad hakuwa na uwezo wa kulinunua. Akaendelea mahali padogo. Jane alikufa mwishoni mwa mwaka 1850, na yeye akamfuata tarehe 24 Februari 1851, miezi miwili tu. Amezikwa Brighton, uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas.

Kizazi

Mjukuu wake mmoja, Frederick Akbar Mahomed, alizaliwa 1849 akawa daktari katika hospitali ya Guy's, London. Huyu ni wa kujivunia kwa elimu yake. Ndiye miongoni mwa wa mwanzo kabisa ulimwenguni kuonyesha kwamba presha ya damu inaweza kupanda kwa mtu ambaye hana ugonjwa wa figo, tena alianza utafiti huo akiwa bado mwanafunzi. Babu yako akipimwa presha pale hospitali ya Malindi, jina la Mahomed limo katika historia ya kipimo kile. Alikufa kijana, mwaka 1884, kwa homa ya matumbo. Mjukuu mwingine akawa padri wa Kianglikana. Padri Mahomed! Jina lilibaki kwenye mlango wa nyumba, dini ilikuwa imetoka zamani. Vizazi viwili tu vilitosha.

Watu walimsahau karibu miaka mia. Kitabu chake kikachapishwa upya mwishoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 2005 mji wa Westminster ukaweka kibao cha kijani George Street kuonyesha mahali ilipokuwa hoteli.

Brighton nayo haikumaliza habari yake na Waislamu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopiga, kuanzia 1914 mpaka 1916, lile jumba la mfalme lenye makuba liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa. Yakawekwa majiko mbalimbali, ya Waislamu peke yao na ya Mabaniani peke yao, na nyama ya Waislamu ikachinjwa kwa sharia. Wale waliokufa walizikwa Kiislamu karibu na msikiti wa Woking, uliojengwa 1889. Hao walikuwa askari wa kawaida, wengi wao hawajui kusoma, wamelala kitandani katika nchi ya watu na mguu umekatwa, na bado waliulizia nyama imechinjwa na nani.

Na hoteli? Zilirudi. Mwaka 1926 ikafunguliwa Veeraswamy katika Regent Street, ambayo ndiyo iliyodumu kuliko zote. Wakaja wa Sylhet. Kisha wakaja Wahindi wa kwetu, waliotoka Kenya mwaka 1968 na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakajaa Leicester na Wembley. Hao hawakubeba mali, wengi walitolewa na mkoba mmoja, lakini walibeba mapishi ya pwani yetu. Ndiyo maana leo ukiingia hoteli ya Kihindi huko Wembley utakuta wameandika mogo, na ukiletewa ni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kama ile ya barabarani kwetu jioni. Na utakuta kuku paka, ambayo ni kuku wa kupaka wa nazi, Mwingereza anaila kwa mkate akidhani imetoka Bombay.